Nyuroni ya hisia: madai matatu ndani ya jina moja

Aprili 2017, watafiti watatu wa OpenAI, Alec Radford, Rafal Jozefowicz na Ilya Sutskever, walitoa matokeo ambayo hutajwa mpaka leo kila watu wanapobishana kama inawezekana kufungua modeli ya lugha na kusoma kilichomo. Walikuwa wameifundisha modeli yao kazi moja tu: kubashiri herufi inayofuata katika maoni ya wateja wa Amazon. Walipoichungulia ndani, wakakuta nyuroni moja, yaani mojawapo ya namba zake za ndani, inayofuatilia kama mwandishi anasifu au anaponda. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo. Wakaiita nyuroni ya hisia, na jina likaganda.

Mwaka 2019, Jonathan Donnelly na Adam Roegiest wakaichunguza upya nyuroni ileile. Wakaandika kwamba ukiiondoa, uwezo wa kutambua hisia unatikisika kidogo sana, na pengine hata unaimarika. Wakaongeza la pili lililouma zaidi: ukiokota nyuroni 100 ovyo kutoka modeli hiyohiyo na kukipa kiainishi kilekile, yaani programu ndogo inayotenga sifa na lawama, zinaipiku.

Ukisoma haraka utasema upande mmoja umekosea. Mimi naona namba za pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kinachogongana ni jina. Tukisema "nyuroni hii ni ya hisia" tunakuwa tumesema mambo matatu kwa mkupuo. Kwanza, kwamba thamani yake hupanda na kushuka pamoja na hisia za mwandishi. Pili, kwamba habari ya hisia inakaa humo na siyo kwingine. Tatu, kwamba modeli yenyewe huitegemea nyuroni hiyo inapofanya kazi yake. Kila dai lina ushahidi wake, na ushahidi wa dai moja hauwezi kulibeba lingine. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu madai yote matatu yalijaribiwa kwenye nyuroni moja, hadharani, na namba zipo.

Modeli yenyewe

Hii haikuwa transfoma, aina ya modeli iliyotawala baadaye. Ilikuwa mtandao wa kujirudia wa aina ya mLSTM, wenye nyuroni 4,096 katika tabaka moja. Ilisoma maandishi baiti kwa baiti; katika Kiingereza baiti moja ni kama herufi moja. Kila baiti ikiingia, namba 4,096 zinasasishwa, na kutokana nazo modeli inabashiri baiti ijayo. Namba hizo ndizo kumbukumbu yake yote. Kama jambo la mistari mitatu iliyopita halimo humo, limepotea.

Ilifundishwa kwa maoni milioni 82 yaliyoandikwa kati ya Mei 1996 na Julai 2014, jumla ya baiti zaidi ya bilioni 38, ikapita juu yake mara moja tu. Kazi hiyo ilichukua mwezi mmoja kwenye kadi nne za michoro za NVIDIA. Nyota ambazo mteja huipa bidhaa hazikuwa lengo la mafunzo. Lengo lilikuwa maandishi yenyewe.

Sasa, kwa nini mbashiri wa baiti ahangaike na hisia? Maoni yenyewe ni ya Kiingereza, kwa hiyo tuangalie herufi za Kiingereza. Tuseme mwandishi ameshaandika sentensi kadhaa, halafu anaanza neno jipya kwa "wo". Linaweza kuwa "wonderful", linaweza kuwa "worst". Baiti ijayo ni "n" au ni "r". Tahajia peke yake haikuambii uchague ipi. Lakini kama sentensi tatu nyuma alilalamika kwamba kifaa kiliharibika wiki ya kwanza, "r" ndiyo ya kuwekea kamari. Modeli inayokumbuka lalamiko hilo hupunguza makosa yake hapo, kisha kwenye neno linalofuata, kisha kwenye mamilioni ya maneno mengine ya namna hiyo. Katika maandishi ambayo kazi yake ni kusifu na kuponda bidhaa, hakuna jambo moja linalosaidia kubashiri maneno ya mbele kwa upana kama hilo. Kwa hiyo kwamba modeli ilijifunza hisia si muujiza. Cha kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ilijikusanya kwenye namba moja.

Hata hilo lina sababu ya kimuundo. Katika mtandao wa LSTM, familia ambamo mLSTM imo, kila nyuroni ina malango yake yenyewe, yanayoamua kiasi gani cha thamani ya zamani kibaki na kiasi gani cha jipya kiingie. Malango yanafanya kazi nyuroni kwa nyuroni. Ukitaka kushikilia jambo kwa muda mrefu huku mengine yakifutwa na kuandikwa upya, ni rahisi zaidi kuliweka kwenye nyuroni moja ambayo malango yake yanaiacha thamani ya zamani ibaki, kuliko kulisambaza kwenye nyuroni 60 ambazo kila moja ina mwendo wake wa kusahau. Hisia ni jambo la kudumu, angalau kwa urefu wa aya. Ilikuwa na kila sababu ya kutafuta chumba chake.

Ilivyopatikana

Walichukua maandishi yenye lebo, yaani yaliyokwisha kupangwa na watu kama ya sifa au ya lawama, wakayapitisha kwenye modeli, wakachukua namba 4,096 za mwisho. Juu yake wakaweka kiainishi chepesi, regresheni ya lojistiki yenye adhabu ya L1. Kwenye seti ya sentensi ya Stanford kikapata asilimia 91.8, wakati rekodi ya awali ilikuwa 90.2. Walipoangalia kiainishi kimeegemea wapi, wakakuta nyuroni chache tu zenye uzito wa maana, na moja kati yake imezidi nyingine kwa mbali.

Wakaipima hiyo moja peke yake kwenye maoni ya filamu ya IMDB. Walipochora mgawanyo wa thamani zake, ukatoka na vilima viwili vilivyoachana: lawama upande mmoja, sifa upande wa pili. Wakaweka mpaka katikati, bila kuongeza kitu kingine. Usahihi: asilimia 92.30. Walipotumia nyuroni zote 4,096: asilimia 92.88. Seti ya majaribio ya IMDB ina maoni 25,000, kwa hiyo nyuroni 4,095 zilizobaki ziliongeza takriban maoni 145 tu juu ya zaidi ya 23,000 ambayo moja iliyapatia yenyewe.

Hapo dai la kwanza limesimama, na sioni namna ya kuliangusha. Nyuroni hii inaitikia hisia, na inaitikia katika maandishi ya filamu ambayo hayakuwa sehemu ya mafunzo yake. Vilima viwili kwenye mchoro havitokei kwa bahati.

Dai la pili ndilo lililoingia kinyemela. Msomaji akiona 92.30 dhidi ya 92.88, anajikuta amehitimisha kwamba hisia yote imo humo na waliobaki hawana kitu. Namba hizo hazisemi hivyo. Zinasema kwamba waliobaki hawana jipya la kuongeza. Mtu anaweza kukosa jipya kwa sababu hajui lolote, au kwa sababu anajua yaleyale uliyokwisha kuyasikia. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na jaribio la 2017 haliwezi kuzitenganisha.

Kisha kuna ile adhabu ya L1, ambayo watu huipita kana kwamba ni jambo la mafundi tu. Adhabu hiyo hutoza kila uzito kwa kadiri ya ukubwa wake. Kukiwa na nyuroni 50 zinazobeba habari moja, na mojawapo ikaibeba kwa usafi na nguvu zaidi, njia nafuu kwa kiainishi ni kuirundikia hiyo uzito karibu wote na kuziacha 49 kwenye sifuri au karibu na sifuri. Chombo kilichoundwa kuleta wachache kitakuletea wachache. Radford na wenzake hawakukosea kukitumia. Walitaka kujua nani anaongoza, na walimpata. Lakini orodha iliyotoka kwenye chombo hicho haiwezi kusomwa kama sensa ya wote wanaojua.

Waliorudi kukagua

Donnelly na Roegiest walifanya sensa hiyo. Walipoiondoa nyuroni ya hisia kwenye namba zinazoingia kwenye kiainishi, zilizobaki zikaziba pengo. Walipochukua 100 bila mpango, zikaishinda. Angalia hesabu: ukiokota 100 kati ya 4,096, uwezekano wa nyuroni ya hisia kuwa ndani ya fungu ni chini ya asilimia 2.5. Kwa hiyo ushindi wa lile fungu haukutegemea kuwemo kwake. Kila mmoja wa wale 100 hubeba fununu dhaifu ya hisia pamoja na kelele nyingi za mambo mengine. Kiainishi kinapowapima kwa pamoja, kelele zinamezana na fununu zinajumlishana.

Dai la pili limeanguka hapo. Habari ya hisia ilikuwa imetapakaa modeli nzima. Nyuroni maarufu ilikuwa msemaji wake mwenye sauti kubwa, wala haikuwa na umiliki wa pekee.

Walioufurahia uchunguzi huu, hata hivyo, wakavuka mpaka kwa upande wao. Nimeona ukinukuliwa kama uthibitisho kwamba nyuroni ya hisia haina kazi, kwamba imevishwa kilemba cha ukoka. Hilo ni dai la tatu, na jaribio la kuondoa halikuligusa.

Sababu ni hii. Katika mtandao wa kujirudia, thamani za nyuroni zote katika hatua moja huingia kwenye hesabu ya nyuroni zote katika hatua inayofuata. Maoni ya IMDB mara nyingi huzidi baiti elfu moja. Maana yake nyuroni ya hisia imekuwa ikiwalisha wenzake zaidi ya mara elfu kabla mtafiti hajachukua namba za mwisho. Kuifuta kwenye orodha ya mwisho ni kama kumtoa shahidi barazani baada ya kuwa ameshawasimulia wote waliokaa humo: ukiwauliza waliobaki watakupa kisa kizima, na hutajua kama walikiona wenyewe au walikisikia kwake. Kuna kuondoa nyuroni kwenye usomaji wa mtafiti, na kuna kuizima ndani ya modeli wakati modeli inasoma. La kwanza hujibu habari inapatikana wapi. La pili hujibu modeli inaegemea wapi. Katika mijadala ya fani hii maneno "tuliiondoa nyuroni" hutumika kwa yote mawili, na mimi nadhani nusu ya mabishano yangeisha kama kila mwandishi angelazimishwa kusema aliiondoa kutoka wapi.

Kuna uchunguzi mwingine ulioligusa suala la kuzima hasa, ingawa kwenye mitandao tofauti. Mwaka 2018 Ari Morcos na wenzake wa DeepMind walionyesha, zaidi kwenye mitandao ya kutambua picha, kwamba nyuroni zinazosomeka vizuri, zile zinazoitikia aina moja ya kitu, hazikuwa muhimu zaidi zilipozimwa kuliko zile ambazo hazieleweki. Kusomeka ni jambo moja, umuhimu ni jingine. Hilo haliihukumu nyuroni ya hisia, lakini linamnyang'anya msomaji haki ya kudhani kwamba kwa kuwa inasomeka basi lazima ina mzigo.

Mwisho wa maandishi

Sehemu ya uchunguzi wa 2019 ninayoiona ya thamani kuliko zote haizungumziwi sana. Kwa kutumia maandishi yaliyochezewa makusudi, Donnelly na Roegiest walionyesha kwamba hali ya mwisho ya modeli, ambamo nyuroni ya hisia imo, huyumbishwa mno na kilichopo mwishoni mwa maandishi.

Fikiria maoni marefu yanayokisifu kitabu aya hadi aya: wahusika, lugha, mwendo wa hadithi. Mstari wa mwisho unasema kifurushi kilifika kimechanika na posta walikuwa wakorofi. Binadamu yeyote atasema huyu amekipenda kitabu. Nyuroni inayoyumbishwa na mwisho inaweza kutoa hukumu kinyume, na mtu asiye na nia njema anaweza kuutumia udhaifu huo kwa kubandika mkia tu.

Lakini tazama kutoka upande wa modeli. Haikuwahi kulipwa kwa kutoa hukumu ya maoni mazima. Ililipwa kwa baiti inayofuata, na kwa baiti inayofuata kinachosaidia ni sauti ya mwandishi sasa hivi. Akiwa amegeuka kuwalaumu watu wa posta, maneno yatakayofuata ni ya lawama hata kama kitabu ni kizuri kiasi gani. Nyuroni iliyogeuka pamoja naye haikukosea kazi yake. Sisi ndio tulioipa jina la kazi nyingine. Jina sahihi zaidi lingekuwa refu na lisilovutia: nyuroni ya kama maneno ya karibuni yanaelekea sifa au lawama. Katika maoni ya kawaida maana hizo mbili huenda pamoja, na ndiyo sababu 92.30 ilipatikana. Zinaachana pale tu mtu anapoandika kitu kisicho cha kawaida, na wapimaji wengi hawaandiki visivyo vya kawaida.

Hapa hata dai la kwanza, lile lililosimama imara, linahitaji marekebisho. Nyuroni inaitikia kitu halisi, lakini kitu hicho kimekatwa kwa umbo tofauti kidogo na neno tulilolichagua.

Mpaka wa ulimwengu wake pia unahusika. Modeli ilikulia katika maoni ya bidhaa, na waandishi wake wenyewe walisema kwamba kwenye maoni ya Yelp, tovuti ya kutathmini mikahawa na biashara, ilifika mahali ikagoma kupanda, hata mifano yenye lebo ilipoongezwa. Mwaka 2021 Tolga Bolukbasi na wenzake walilionyesha tatizo pana zaidi kwenye BERT, modeli ya lugha ya aina ya transfoma. Walichukua nyuroni moja, wakatafuta sentensi zinazoiwasha zaidi katika seti moja ya maandishi, wakaona maana iliyo wazi. Wakarudia katika seti nyingine, wakaona maana iliyo wazi vilevile, ila tofauti na ya kwanza. Kila seti ya maandishi ni pembe finyu ya lugha, na ndani ya pembe hiyo sentensi zinazoshika nafasi za juu zitafanana tu kwa namna fulani. Jicho la binadamu litamalizia kazi.

Mkono kwenye usukani

Dai la tatu lina ushahidi wake mmoja katika kazi ya 2017, nao ni mzuri. Watafiti waliishikilia nyuroni ya hisia kwenye thamani ya upande wa sifa wakaiacha modeli iandike maoni yake yenyewe. Ikaandika mambo kama suruali iliyomkaa vizuri na rangi inayolingana na nyingine alizo nazo, anaipendekeza sana. Wakaishikilia upande wa lawama, ikaandika juu ya kifurushi kisicho na msimbo wa mistari, upotevu wa muda na pesa. Hawakubadilisha kitu kingine chochote.

Hili lina uzito ambao uhusiano wa takwimu hauna. Linaonyesha kwamba kuna njia ya kutoka kwenye namba hiyo hadi kwenye maneno yanayoandikwa. Ukiisukuma, modeli inasukumika. Kama nyuroni ingekuwa kioo tu cha mambo yanayoamuliwa kwingine, kuigandisha kusingebadili maandishi.

Kinachobaki wazi ni kiasi. Kuishikilia namba kwenye upande mmoja kwa maoni mazima ni hali ambayo modeli haikutani nayo katika usomaji wa kawaida, ambako namba hiyo inapanda na kushuka baiti kwa baiti. Kwamba usukani ukizungushwa hadi mwisho gari linakata kona, hakukuambii ni nani anayeliongoza kwenye barabara ya kawaida. Inawezekana nyuroni hii inabeba sehemu kubwa ya kazi, inawezekana inabeba sehemu ndogo na nyingine 300 zinabeba zilizobaki. Majaribio yote mawili, la 2017 na la 2019, yanapatana na hali zote mbili.

Kilichofuata

Kazi ya kusoma nyuroni moja moja ilihamia kwenye transfoma, na makosa ya kuchanganya madai yakahama nayo. Mei 2023 OpenAI waliitumia modeli yao ya GPT-4 kuandika maelezo ya nyuroni zote 307,200 za GPT-2 XL, modeli yao ya zamani. GPT-4 inaonyeshwa maandishi na viwango vya kuwaka, inaandika sentensi moja ya maelezo, kisha inatumia maelezo hayo kubashiri nyuroni itawaka wapi katika maandishi mengine. Alama hutolewa kwa jinsi ubashiri unavyokaribiana na ukweli. Nyuroni zaidi ya 1,000 zilipata 0.8 au zaidi, yaani karibu theluthi moja ya asilimia moja. Nyingi zilipata alama za chini. Waandishi hawakulificha hilo. Alama yenyewe, ukiitazama, ni kipimo cha dai la kwanza kilichopanuliwa mara laki tatu. Mwaka huohuo Jing Huang na wenzake waliyapima maelezo ambayo mfumo ulikuwa na uhakika nayo zaidi, wakakuta yana makosa mengi na kwamba kuchezea nyuroni kwa kufuata maelezo hayo hakukubadili sana tabia ya modeli. Hilo ni dai la tatu likikataa kufuata la kwanza.

Watafiti wa Anthropic, kampuni nyingine ya akili bandia, walikuja na shaka tofauti: pengine nyuroni si kipande sahihi cha kusoma. Katika kazi yao ya Oktoba 2023 walichukua transfoma ya tabaka moja yenye nyuroni 512 na kutoa mfano wa nyuroni inayowaka kwa marejeleo ya kitaaluma, kwa mazungumzo ya Kiingereza, kwa maombi ya HTTP na kwa maandishi ya Kikorea. Maelezo yao ni kwamba modeli ina mambo mengi ya kushika kuliko idadi ya nyuroni, hivyo huyapanga yakipishana. Kwa mtandao wa ziada uliofundishwa kutumia vipengele vichache kwa wakati mmoja, waliyachambua yale mawasho 512 wakapata vipengele 4,096 vinavyosomeka vizuri zaidi, kikiwemo kimoja cha hati ya Kiarabu. (Namba 4,096 imerudi kwa bahati tu, kule ilikuwa idadi ya nyuroni, huku ni idadi ya vipengele vilivyokamuliwa kutoka nyuroni chache.)

Ukiirudia nyuroni ya hisia baada ya hapo, inaonekana kama kisa cha bahati nzuri. Maandishi ya aina moja, jambo moja lililotawala ubashiri wote, na malango yanayofanya kazi nyuroni kwa nyuroni: jambo hilo likapata nyuroni yake. Lakini kipengele kilichokamuliwa kwa mtandao wa ziada hakiepuki maswali matatu. Nacho kitapewa jina kutokana na maandishi yanayokiwasha, nacho kitadhaniwa kwamba kinamiliki kile kinachokiitikia.

Jaribio ninalolitaka kwa nyuroni ya hisia linaelezeka kwa sentensi moja: izime ndani ya modeli tangu baiti ya kwanza, soma maoni 25,000 ya IMDB, kisha fundisha kiainishi kipya juu ya zile 4,095. Usahihi ukiporomoka, waliobaki walikuwa wakirudia walichosikia. Usiposogea, walikuwa na chanzo chao wenyewe. Wakati huohuo pima makosa ya modeli katika kubashiri baiti, maana hiyo ndiyo kazi iliyolipwa kuifanya.

Ugumu uko kwenye neno "izime". Desturi ni kuiweka nyuroni kwenye sifuri au kwenye wastani wake. Kwa nyuroni hii yote mawili yana kasoro ileile: thamani zake za mwisho zina vilima viwili, na wastani wa vilima viwili huangukia bondeni, mahali ambapo nyuroni hukaa kwa nadra. Modeli ikisoma ikiwa na namba isiyoizoea, itavurugika hata kama haikuhitaji hisia hata kidogo, na tutahesabu mvurugiko huo kuwa ni umuhimu. Afadhali kwa kila maoni kuipachika mfululizo wa thamani uliochukuliwa kutoka maoni mengine yaliyookotwa ovyo, ya sifa au ya lawama. Hapo nyuroni inakuwa na thamani za kawaida kabisa, na kilichoondolewa ni uhusiano wake na maandishi yanayosomwa.